Mke wa Mwenye Bucha Hali Nyama

Ukiuliza watu wa Gatitu, nje kidogo ya mji wa Nyeri, ni nani aliyefanya bucha ya Dedan ipendwe, wanaume watakwambia ni Dedan mwenyewe. Watakutajia kisu chake, koti lake jeupe, na vile alivyokuwa akiongeza kipande juu ya mizani huku akikukonyeza, utadhani anakuibia mtu mwingine kwa ajili yako. Uongo mtupu. Kilichowaleta watu pale ni supu na matumbo, na hiyo ilikuwa kazi ya mkewe, Warigia. Hakuna aliyemwona, kwa sababu alikuwa nyuma kwenye mfereji, ameinama juu ya karai.

Matumbo ya ng'ombe huoshwa kwanza kwa maji baridi, tena mengi, mpaka uchafu wote uishe. Sasa fikiria mwezi wa saba, mlima umejifunika mawingu, jua halijulikani liliko, na maji ya mfereji yanakuuma mpaka kwenye kiwiko. Warigia aliyaosha tangu alipokuwa bibi harusi mpaka akaota mvi. Mbele ya duka watu walisema, "Dedan, supu yako ni moto!" Naye Dedan akaitikia kwamba siri ni yake na Mungu wake.

Ugonjwa ulianzia kwenye vidole vya mikono yote miwili kwa pamoja. Asubuhi viliamka vimevimba, vyekundu, havikunjiki. Kikombe cha chai akakishika kwa viganja. Kifungo cha sweta kikawa kazi ya nusu saa.

"Ni baridi tu, Mama Tabby," Dedan alimwambia. "Kunywa supu."

Supu ndiyo ilikuwa dawa ya Dedan kwa kila kitu: homa, huzuni, ulevi, hata kufiwa. Warigia akainywa kila asubuhi, yenye mafuta yanayoganda mdomoni, pamoja na chai ya maziwa iliyojaa sukari. Vidole vikazidi.

Kilichomwumiza zaidi, hata hivyo, hakikuwa vidole. Tabby, binti yake wa pekee, alikuwa ameolewa Giakanja na kijana anayeitwa Munene. Msichana wao wa kwanza, kama ilivyo desturi, alipewa jina la mama yake Munene. Warigia akaenda kumwosha mtoto kama bibi yeyote. Alimshika shingo kwa mkono wa kushoto, akateka maji kwa wa kulia, na hapo vidole vikakataa. Havikuteleza, vilikataa. Mtoto akazama kwenye beseni, uso na yote. Tabby akamnyakua, mtoto akakohoa, akalia, akanyamaza.  Tangu siku hiyo, kila Warigia alipofika Giakanja, alimkuta mtoto ameshaoshwa.

Ndipo Tabby akashika mimba ya pili. Kwa Wakikuyu msichana wa pili huitwa jina la mama wa mke, na si jina tu: ni yule bibi mwenyewe amezaliwa tena. Tabby alipokuja Gatitu kuleta habari hiyo alikaa jikoni na mama yake, akaitazama ile mikono.

"Huyu akiwa msichana ni wewe, Mami. Utamwosha mwenyewe, hakuna mtu mwingine atamgusa. Lakini kwanza uende hospitali hizo mikono ziangaliwe. Mimi siwezi kukupatia mtoto kama ziko hivyo. Usikasirike."

Warigia hakukasirika. Alikwenda hospitali mjini wiki hiyohiyo, akiwa amevaa nguo ya kanisani. Kuanzia hapo kila kitu alichofanya, na kila kitu alichokataa, kilikuwa kwa ajili ya beseni moja la maji ya uvuguvugu huko Giakanja.

Daktari aliutaja ugonjwa: baridi yabisi. Akaeleza kwamba kinga ya mwili wake imemgeuka na inashambulia viungo, akampa vidonge vya kumeza mara moja kwa wiki, na akamwonya asiviache hata akijisikia mzima. Kisha akamtuma chumba cha pili, kwa mshauri wa lishe, msichana wa Kihindi aitwaye Heena ambaye wazazi wake wana duka la vitambaa pale mjini. Alizaliwa Nyeri na Kiswahili chake kilikuwa cha Nyeri.

"Mama, tuelewane kwanza," Heena alisema. "Dawa ndiyo inafanya kazi. Chakula haiponyeshi, inasaidia dawa. Usiende huko nje ukasema Heena amekuambia utapona na mboga."

"Sitasema."

"Sawa. Nyama nyekundu punguza, hasa ya mafuta. Hiyo supu pia. Sukari kwa chai, soda, vitu za kukaanga, punguza. Kula mboga za managu na terere, maharagwe, njahi, avokado. Na samaki. Hata omena ni sawa, mara mbili kwa wiki."

"Samaki?" Warigia alishtuka. "Sisi kwetu hatukukula hiyo kitu. Cucu, nyanya yangu, alikuwa anasema ni nyoka ya maji."

Heena akacheka. "Na kwetu hatuli samaki wala nyama, tangu nizaliwe. Lakini mimi sina baridi yabisi, mama. Wewe uko nayo."

Sasa, Heena alisema punguza. Alilisema neno hilo waziwazi, tena mara mbili. Lakini Warigia hakuwa mtu wa kupunguza. Alikuwa mtu wa kanisa, na kule kanisani pombe haipunguzwi, huachwa. Akaacha. Aliacha supu, akaacha mbavu, akaacha mutura, ule utumbo unaojazwa nyama na damu, akaacha hata kipande cha kuonja chumvi. Na kwa sababu hiyo ndogo, ya mwanamke aliyetaka kutii kuliko alivyoambiwa, mambo yote yaliyofuata yalifuata.

Omena alinunua kwa Njoki, aliyeuza mboga na samaki wakavu ng'ambo ya barabara. Mara ya kwanza alipowapika alifunga mlango na dirisha, akala amefumba macho, akatapika. Mara ya pili hakutapika. Dedan alipoingia na kunusa, alisimama mlangoni na kofia mkononi.

"Hiyo sufuria isirudi ndani ya nyumba yangu."

"Ni ya dawa, Baba Tabby."

"Peleka hiyo dawa nje."

Akawa anapika nje, kwenye jiko la makaa, karibu na mfereji. Alikula kama mtu anayefanya dhambi. Hata hivyo mvua za masika zilipokaribia kwisha, asubuhi moja alifunga vifungo vya sweta, vyote, chai ikiwa bado haijachemka jikoni. Alikaa kitandani akalia. Mtu wa hospitali angekwambia ni vile vidonge, na pengine chakula kilivisaidia kidogo. Warigia hakutaka kujua ni nini, alitaka kiendelee.

Akaanza mazoezi. Alichukua malenge lenye uzito wa mtoto, akaliloweka kwenye beseni, akalipaka sabuni, akaliosha. Mkono wa kushoto chini ya kikonyo, wa kulia unateka maji. Malenge likianguka alianza upya. Lilipoacha kuanguka, alimpigia Tabby simu.

"Mwambie mama Munene apumzike," alimwambia. "Mimi niko sawa. Huyu nitaosha."

Na Tabby akasema, "Haya basi, Mami. Ni wako." Warigia aliyabeba maneno hayo siku nzima.

Balaa lilianzia kwa Griffins. Griffins alikuwa mwendesha bodaboda, mdomo mkubwa na kichwa kidogo, mteja wa supu wa kila asubuhi. Alimkuta Warigia kwa Njoki akipimiwa omena.

"Mathe! Bucha ni yenu na unanunua omena?"

"Daktari amenikataza nyama," Warigia alijibu, akaenda zake.

Hakusema zaidi ya hapo, na kwa jinsi alivyoelewa yeye ilikuwa kweli. Lakini ilikuwa ni msimu ule redio zilikuwa zikizungumzia nyama ya punda iliyonaswa mahali fulani ikiuzwa kama ya ng'ombe, na kila mtu alikuwa akiitazama sahani yake kwa jicho la pembeni. Griffins alilibeba lile neno mpaka steji ya boda. Kufikia jioni, daktari alikuwa amemkataza mke wa Dedan nyama ya Dedan. Kesho yake mke wa Dedan alikuwa anajua kinachochinjwa, ndiyo maana hakigusi. Na kabla wiki haijaisha, kulikuwa na watu walioapa kwamba wamesikia punda akilia nyuma ya bucha, watu waliokuwa wamekula pale maisha yao yote, wakajamba, wakashiba, wakarudi. Ndivyo binadamu alivyo akipata cha kusimulia.

Bucha ikakauka. Nyama ilining'inia mpaka ikawa nyeusi. Dedan aliwaonyesha watu muhuri wa mkaguzi wa nyama, ule wa rangi ya zambarau, wakautazama kwa heshima na kuvuka barabara. Alianza kunywa mchana. Na siku ya Jumamosi akatoa meza moja nje, mbele kabisa, akaweka kiti, akamwita mkewe.

"Kaa hapa. Utakula watu wakiona."

"Baba Tabby, tafadhali. Ngoja kwanza mtoto azaliwe."

"Na huyo mtoto ataletewa nini bucha ikifungwa? Omena?"

"Heena alisema..."

"Heena!" Dedan alipiga meza. "Mhindi hajaonja nyama tangu atoke kwa tumbo ya mamake, ndiye wa kunifundisha mambo ya nyama? Mimi Dedan?"

Akamwekea sahani ya mbavu za mbuzi na mutura, mafuta yakichuruzika. Warigia alitazama barabarani. Watu walikuwa wamesimama: Griffins juu ya pikipiki, wanawake wa kanisa wenye vikapu, Njoki kwenye kibanda chake. Walikuwa wanangoja, na hawakuona haya. Akala. Alitafuna na kumeza, na kila alipomeza, walitazama koo lake. Alipomaliza, Griffins alishuka kwenye pikipiki, akaagiza nusu kilo. Jioni hiyo Dedan aliuza mbuzi mzima.

Mtu mwenye akili angesema sahani moja ya mbavu haivunji mkono wa mtu, na ni kweli. Lakini haikuwa moja. Watu wakimkosa pale mezani walianza kunong'ona, kwa hiyo akakaa kila siku. Na tena, haikuwa nyama peke yake.

"Hospitali usirudi," Dedan alimwambia vidonge vilipokwisha. "Wakikuona huko watasema nyama yangu imeua mtu."

Kila shilingi ya ile bucha ilikaa kwenye mfuko wa koti jeupe. Warigia angeweza kumwomba Tabby nauli. Lakini kumwomba kungekuwa kumwambia kwamba mikono imerudi kule ilikokuwa, na Tabby angesema lile neno lake, mimi siwezi kukupatia mtoto. Kwa hiyo kila simu ilipolia alijibu, "Niko sawa kabisa." Alidanganya vizuri, kwa sauti ya furaha. Na kwa kuwa wateja walikuwa wengi kuliko zamani, walimhitaji pia kwenye mfereji. Alfajiri maji baridi, mchana mbavu. Vidole vilianza kupinda kuelekea upande wa nje, vyote kwa pamoja. Lile malenge lilianguka, likapasuka, akalipika.

Mtoto alizaliwa, na alikuwa msichana.

Warigia alikwenda Giakanja na sufuria ya njahi, maharagwe meusi ya mzazi, kwenye kikapu, amekitundika kwenye kiwiko, mikono ameificha ndani ya shali. Aliwakuta wameandaa kila kitu, wakimngoja yeye. Beseni lilikuwa mezani, maji yanatoa mvuke kidogo, taulo limekunjwa, sabuni mpya bado imo kwenye karatasi yake. Mama Munene alisimama kando, mikono nyuma, kwa adabu. Tabby alikuwa amekaa kitandani na mtoto mapajani.

"Umekuja kujiosha, Mami," alisema akitabasamu. "Njoo basi."

Warigia alisema maji ni moto sana, yapoe kwanza. Wakangoja. Kisha akasema apewe maji ya kunywa. Mama Munene akamletea kikombe, na Warigia hakukipokea.

"Mami," Tabby alisema polepole. "Toa mikono."

"Nimehisi baridi tu njiani."

"Toa mikono nione."

Akaitoa. Hata mtoto wa kwanza, yule aliyezama, aliyekuwa akicheza sakafuni, aliinua kichwa akatazama. Tabby hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali apige.

"Ulinidanganya," alisema. "Kila siku kwa simu. Ungemchukua hivyo? Na hizo?"

"Ningejaribu."

"Ungejaribu na mtoto wangu."

Akamgeukia mama Munene, akampa mtoto. Mama Munene aliona aibu kidogo, lakini alikunja mikono ya sweta. Alikuwa na vidole virefu, vilivyonyooka. Akamshika mtoto shingo, akateka maji. Mtoto akapiga mateke.

"Tulia, Warigia," mama Munene alimbembeleza. "Tulia, mama, usiogope. Nimekushika."

Warigia mkubwa alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango na kutazama mpaka mwisho, mpaka kwenye mafuta na nepi. Kisha akasema ana kazi, akaaga. Hakuna aliyemzuia.

Jumamosi iliyofuata bucha ilijaa. Dedan alikuwa ameshonewa koti jipya, na kwa sababu mkewe hakuweza tena kushika mfupa, yeye mwenyewe alikuwa akimlisha mbele ya wateja, na wateja walipenda kuona hivyo. Walisema, ona mapenzi. Wanawake wengine walimwonea wivu. Siku ya ngurario yao, walipokatiwa mbuzi wa ndoa, Dedan alimlisha kipande kwa mkono wake hivyohivyo, na wanawake wakapiga vigelegele.

Dedan akachagua ubavu wenye mafuta, akaupulizia, akaupeleka mdomoni mwa mkewe.

Mdomo haukufunguka.

Alicheka, akawakonyeza watu. "Leo anaringa!" Akausogeza tena. Mafuta yakampaka Warigia midomo, yakashuka kidevuni, yakadondoka kwenye sweta isiyofungwa vifungo. Alikuwa anamtazama Dedan usoni. Hakugeuza kichwa, hakusukuma mkono. Aliubana tu mdomo.

Kicheko kilikufa meza moja baada ya nyingine. Griffins alikuwa na tonge shavuni, akaacha kutafuna.

"Mama Tabby," Dedan alinong'ona. "Kula."

Akangoja. "Warigia. Nakuomba. Hii bucha ndiyo dawa yako, ndiyo nyumba yako. Nakuomba, mama."

Tangu amuoe hakuwahi kumwomba kitu. Na Warigia alijua kila neno ni kweli: bucha ikianguka, hakuna hospitali, hakuna vidonge, hakuna cha kupeleka Giakanja. Alijua pia kwamba ile nyama ilikuwa safi, ya mbuzi, kama siku zote, na kwamba neno moja tu lingetosha, niko mgonjwa, sina hamu. Aliona beseni, na vile vidole virefu. Akaendelea kubana mdomo, na akaona raha, raha kali ambayo hakuwahi kuionja kwenye chakula chochote.

Griffins alitema kwenye kiganja. Akasukuma sahani yake katikati ya meza, akainuka. Wakainuka wengine. Hakuna aliyelipa, na Dedan hakumdai yeyote. Alibaki ameshika ubavu hewani mpaka ukapoa.

Bucha ile sasa ni duka la simu. Dedan hapati kazi, maana hakuna bucha itakayomwajiri mtu wa punda, na kisu ndicho kitu pekee anachokijua. Wanaishi kwa managu ya nyuma ya nyumba, maharagwe, uji usio na sukari, na omena waliovunjikavunjika ambao Njoki huwapa kwa huruma. Nyama haijaingia mle ndani tangu siku ile. Warigia anakula sawasawa na alivyoagizwa na Heena, na vidole vyake vimelala upande, havinyooki tena.

Tabby huja mara mojamoja na mtoto, humweka kitandani karibu na bibi yake, na mkono wa mtoto huwa hauachi.

Anayemlisha Warigia ni Dedan, kwa kijiko, asubuhi na jioni. Huupuliza uji, huuonja kwa ncha ya ulimi, kisha humpelekea mdomoni na kungoja. Wakati mwingine mkono wake huanza kutetemeka kwa kungoja. Warigia huutazama kwanza unavyotetemeka, ndipo hufungua mdomo.